Imeili ya dogo imefungwa ila ufunguo wake bado unafungua: kisa cha GitLab yetu na kulogini kwa Google

Jumatatu moja mida ya saa nne asubuhi dogo aliyekuwa anatupigia kazi za frontend (upande anaouona mtumiaji) alipita ofisini hapa Sinza kuchukua cheti chake cha utumishi. Mkataba wake uliisha Ijumaa, tulimuaga vizuri na keki na soda, na jioni ileile mimi mwenyewe nilifunga imeili yake ya ofisi. Sasa wakati anamsubiri bosi asaini akakaa kwenye meza yake ya zamani, laptopu ikajishika yenyewe kwenye waifai, dada yetu anayetesti akamwambia "dogo kabla hujasepa nisaidie, ile batani ya malipo kwenye simu ndogo bado inakatwa nusu", naye kwa roho yake nzuri akafungua kodi (maandishi ya programu), akarekebisha mistari minne, akapushi, yani akaituma GitLab, ghala letu la kodi. Ikapita.

Muda huo nilikuwa nimefungua ukurasa wa shughuli kwenye GitLab natafuta kitu kingine kabisa, nikaona jina lake na picha yake vimekaa juu kabisa, komiti (badiliko la kodi lililorekodiwa) ya dakika moja iliyopita. Moyo ulinidunda. Dogo hana kosa lolote, alikuwa anamsaidia mwenzake. Kilichonishtua ni kwamba miezi mitatu nyuma nilimwambia bosi kwa mdomo wangu kuwa tukishaweka kulogini kwa Google, mtu akiondoka tunafunga imeili yake tu na milango yote inafungwa. Bosi akaamini, na mimi niliamini. Kwaiyo naandika kisa kizima toka mwanzo, maana najua ofisi nyingi hapa mjini zinaseti kitu hikihiki na zinaamini hivohivo.

Sisi ni watu kumi na moja, tunatengeneza mifumo ya maduka na vikundi vya kuweka na kukopa. Kodi zetu zinakaa kwenye GitLab tuliyoiweka wenyewe kwenye mashine iliyopo chumba cha nyuma, pembeni ya rauta. Sababu ni mteja mmoja ambaye mkataba wake unasema kodi na data za majaribio zisitoke nje ya ofisi, na kwenye zile data kuna majina na namba za simu za watu kweli, na toka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023 wateja wa aina hiyo wamekuwa makini, na wana haki. Mwanzoni kila mtu alikuwa na paswedi yake. Wengi walikuwa wameweka jina la timu na mwaka, ukijua mtu ni Simba au Yanga umeshamaliza nusu ya kazi, na kila wiki lazima mmoja asahau nimbadilishie. Imeili za ofisi tayari zilikuwa Google, za kulipia, za domeini yetu. Bosi akasema weka ile batani ya kuingia na Google basi, watu wasisumbuke.

Kabla ya kuseti nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu kosa letu lote limejificha hapo. Fikiria umeenda kufungua akaunti benki, wanakwambia nenda kalete barua ya utambulisho toka serikali ya mtaa. Mwenyekiti anakuandikia, anagonga muhuri, unaibeba mwenyewe mpaka benki. Benki inaukubali muhuri, ila kukufungulia akaunti au kutokufungulia ni uamuzi wa benki. Google hapa ni serikali ya mtaa, GitLab ni benki. Utaratibu wa kutumana unaitwa OAuth 2.0, uliandikwa 2012, na juu yake kuna OpenID Connect ya 2014 ambayo ndo inabeba habari za mtu ni nani. Brauza yako inapelekwa Google, unajitambulisha kule, Google anakurudisha na kijikodi cha muda mfupi kwenye linki, GitLab inakichukua na kwenda kimyakimya kwa Google kukibadilisha na taarifa zako, ikionyesha na siri yake ya kujitambulisha. Barua imefika.

Tatizo la kwanza likatokea hata kabla ya kuanza. GitLab yetu tulikuwa tunaifungua kwa namba, http://192.168.1.50, na fomu ya Google ya kusajili programu haipokei namba tupu ya IP, inataka domeini halali na inataka https, msamaha pekee ni kwa localhost, yani mashine yenyewe. Kuna mwenzangu akashauri tuitoe seva nje kwenye intaneti ndo Google aweze kuifikia. Hapana. Google haipigii seva yako hodi hata mara moja, anayebeba barua ni brauza ya mtu, na seva yenyewe ndo inatoka nje kwenda Google. Kwaiyo tulichukua domeini yetu ya co.tz, tukaongeza jina la git mbele, rekodi yake ya DNS (ndo inayogeuza jina kuwa namba) tukaielekeza kwenye hiyohiyo 192.168.1.50 ya ndani. Ukiwa nje ya ofisi jina halikufikishi popote, ukiwa ndani linafunguka. Cheti cha https tukachukua Let's Encrypt, wanaotoa vyeti hivyo bure, kwa njia ya kuthibitisha kupitia DNS, maana njia ya kawaida inahitaji wao waifikie seva yako na hawawezi. Cheti tulichopewa kilikuwa cha siku 90, kwaiyo kubadilisha lazima kuwe kwa otomatiki. Angalizo tu, kuna rauta zinakataa jibu la DNS lenye namba ya ndani, ukiona ukiliulizia jina kwa data ya simu linatoa namba yake ila kwenye waifai linagoma, anzia hapo.

Upande wa Google nikachagua programu iwe ya ndani ya shirika tu, sio ya nje. Hii usiiruke. Ukichagua ya nje maana yake mtu yeyote mwenye Gmail anaweza kufika mlangoni, ukichagua ya ndani Google mwenyewe anawarudisha wote wasio wa domeini yako. Nikapewa kitambulisho kirefu kinachoishia na apps.googleusercontent.com na siri inayoanza na GOCSPX, nikaviweka kwenye faili la mipangilio, /etc/gitlab/gitlab.rb, nikaongeza na kigezo cha hd chenye domeini yetu kiwe kufuli la pili, nikapiga gitlab-ctl reconfigure ili yaanze kutumika. Batani ikatokea. Nikabonyeza, nikakutana na ukurasa mweupe wa Google: Error 400, redirect_uri_mismatch.

Hapa nilikaa kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi, na naomba nikuonyeshe kwa karibu maana ndo sehemu inayokula siku za watu. Nilichosajili Google kilikuwa hiki: https, jina letu, kisha /users/auth/google_oauth2/callback. Nikakihakiki herufi kwa herufi, nikafuta nikaandika upya, nikasubiri nikidhani Google bado haijasasisha. Mwisho nikaacha kuangalia fomu nikaangalia brauza yenyewe. Ukibonyeza ile batani, brauza inapelekwa Google kwa linki ndefu sana, ukiipesti kwenye notipedi utakuta neno redirect_uri na mbele yake anwani ambayo seva yako imemwambia Google. Yangu ilikuwa inaanza na http%3A%2F%2F. Hiyo %3A%2F%2F ni nukta mbili na mikwaju, imeandikwa kwa namna ya linki. Angalia kabla yake: http. Haina s. Herufi moja tu, na Google analinganisha neno kwa neno, hata mkwaju wa ziada mwishoni haupiti.

Ile s ilipotelea kwetu wenyewe. Mashine yetu ina Nginx (programu ya kupokea maombi ya brauza) mbele inayohudumia na mifumo mingine, yenyewe ndo ina cheti, kisha inaipasia GitLab kwa http ya kawaida. GitLab inajenga anwani ya kurudi kutoka kwenye mpangilio unaoitwa external_url, na pale niliacha http ya zamani. Nikabadilisha kuwa https, na hapo ikazuka lingine, GitLab ikiona https inataka kujitafutia cheti yenyewe, ikabidi nizime letsencrypt ya ndani, niiambie Nginx ya GitLab isikilize mlango wa 80 bila https, na ile Nginx ya mbele ipeleke kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-Proto kikisema https. Nikajaribu tena. Tukaingia.

Yani hapo ndo nilidhani kazi imeisha.

Kesho yake asubuhi watu wakaanza kuingia. Wa kwanza akaambiwa imeili tayari imechukuliwa. Hii ni kwa sababu alikuwa na akaunti ya zamani yenye imeili ileile, na GitLab kwa usalama haikubali tu kuwa huyu aliyekuja na barua ya Google ndo yule mwenye akaunti, mpaka wewe umwambie. Wa pili ndo alikuwa na balaa zaidi: zamani alijiandikisha kwa Gmail yake binafsi, sasa kaja na imeili ya ofisi, GitLab ikaona mtu mpya kabisa, ikamtengenezea akaunti nyingine yenye jina lake na namba 1 mwishoni, nami nikaipitisha bila kuangalia. Akaingia akakuta hana ripo (hifadhi ya kodi) hata moja. "Kaka mbona kazi zangu zote zimefutwa?" Hazikufutwa, zilikuwa kwa mwenzake ambaye ni yeye mwenyewe. Wa tatu akaambiwa akaunti yake inasubiri idhini ya admini, na huyu ndo alikuwa sawa, ni mgeni kweli na GitLab kwa kawaida inawazuia wanaotengenezwa na barua ya nje mpaka admini awapitishe. Acha hivohivo, kuna watu wanaizima kwa kuona usumbufu.

Kuna mstari unaitwa omniauth_auto_link_user, ukiuwasha GitLab inaunganisha yenyewe kwa kufananisha imeili. Ulinitamanisha sana. Ila ukifikiria, maana yake ni kwamba yeyote atakayepewa imeili hiyo na Google ndo anakuwa huyo mtu, pamoja na akaunti ya admini. Ofisini imeili zinarithiwa, info@ ya leo anashika huyu, mwakani yule. Nikaamua kuwakalisha mmoja mmoja, anaingia kwa paswedi ya zamani, anaenda kwenye mipangilio ya akaunti, anabonyeza unganisha na Google, mimi niko pembeni namwangalia. Watu kumi na moja, saa moja na nusu. Sijajutia.

Baada ya wiki mbili kila kitu kikiwa shwari nikazima kuingia kwa paswedi kwenye brauza. Kisha usiku mmoja umeme ulikatika, UPS ikajitahidi ikazima, na asubuhi mashine ilipowaka hakuna mtu anayeweza kulogini. Wala mimi. Kwenye logi ya /var/log/gitlab/gitlab-rails/production.log kulikuwa na sentensi hii: certificate verify failed, certificate is not yet valid. Cheti bado hakijaanza kutumika. Nikaisoma mara tatu. Kumbe betri ndogo ya ubao wa mashine ilikuwa imekufa, saa ya seva ikarudi nyuma zaidi ya miaka miwili, na kusawazisha saa kwa mtandao aliyeiweka seva mwanzoni hakukuwasha. Seva ilipoenda Google kubadilisha kile kijikodi ikaangalia cheti cha Google, kwa saa yake cheti hicho ni cha wakati ujao, ikakataa kuongea. Ilikuwa inafanya kazi yake vizuri kabisa, saa tu ndo ilimdanganya. Tukasawazisha saa, tukanunua betri ya shilingi elfu chache Kariakoo, na kabla ya hapo ilibidi niingie kwenye konsoli ya Rails (sehemu ya kuipa GitLab amri moja kwa moja kwenye seva) nirudishe kuingia kwa paswedi kwa muda. Toka siku ile akaunti ya root ina paswedi ndefu iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa bosi, na kulogini kwa paswedi hatujakuzima tena, tumekubakiza kwa ajili ya hiyo bahasha.

Sasa kuna jambo moja la asubuhi ile ambalo nilipaswa kulishika na sikulishika. Wakati wote wanalalamika hawawezi kulogini, kaka mmoja wa backend (upande wa seva) alikuwa kimya anafanya kazi zake. Nikamuuliza mkuu wewe umeingiaje, akasema "mimi sijaingia popote, napushi tu". Napushi tu! Alikuwa anatumia SSH, njia ya kuingia seva kwa faili la ufunguo lililo kwenye kompyuta yako badala ya paswedi. Ufunguo wake ulikuwa umewekwa GitLab mwaka mzima nyuma na ulikuwa hauna habari na Google, cheti cha Google, wala saa ya seva. Jibu lilikuwa mbele yangu, mimi nikafurahi tu kwamba angalau mmoja kazi haijasimama.

Ndo maana Jumatatu ile ya dogo iliniuma. Barua ya serikali ya mtaa inatumika siku ya kufungua akaunti na kila unapoingia kwa mlango wa mbele. Ila ukishakuwa ndani benki inakupa kadi, na kadi hiyo ni ya benki. Mwenyekiti akisema kesho huyu simtambui tena, kadi bado iko mfukoni na ATM inatoa hela. Kwa dogo kadi zilikuwa tatu. Ya kwanza ufunguo wa SSH, ambao kama hukuuwekea tarehe ya mwisho unaishi milele. Ya pili tokeni binafsi, yani maandishi marefu ya siri yanayotumika badala ya paswedi, maana baada ya kuhamia Google wengi walitengeneza tokeni ya kupushi kwa https, na japo kuanzia toleo la 16 la 2023 kwa kawaida tokeni lazima iwe na tarehe ya kuisha, tarehe hiyo inaweza kuwa mwaka mzima mbele. Ya tatu kikao cha brauza chenyewe, ambacho kwa kawaida ya GitLab kinakaa dakika 10080, yani siku saba, na GitLab hairudi kumuuliza Google kila saa kama huyu bado wenu. Mtu anayefungiwa imeili Ijumaa anaweza akafungua kodi za mteja Jumatano kwa brauza ileile aliyoiacha wazi.

Ukitumia LDAP (orodha kuu ya watumiaji wa ofisi inayokaa kwenye seva) hali ni tofauti, pale GitLab inarudi kuulizia mara kwa mara, mtu akitolewa kwenye orodha ndani ya saa moja hivi anazuiwa, na hata SSH yake inagoma. Nadhani wengi tuliosoma habari za LDAP zamani tumebeba matumaini yale tukayapeleka kwa Google. Batani zinafanana, ila ahadi hazifanani.

Siku hiyohiyo tulibadilisha utaratibu. Mtu akiondoka, cha kwanza ni kumzuia ndani ya GitLab, kwa kitufe cha admini au kwa API (amri inayotumwa na programu), kwa sababu hicho ndo kinakata vyote kwa pamoja, brauza, tokeni na SSH. Imeili ya Google inafuata baadaye. Paswedi ya waifai nayo inabadilishwa, maana ndo iliyomkaribisha dogo. Na kila Jumatatu kuna kiskripti kidogo kinachukua orodha ya watumiaji wote walio hai GitLab pamoja na funguo zao, kinalinganisha na orodha ya wafanyakazi anayoishika mama wa uhasibu, kikiona jina la ziada kinatuma meseji. Mama wa uhasibu ndo wa kwanza ofisini kujua nani kaondoka, kabla ya mimi, kabla hata ya bosi mara nyingine, kwaiyo orodha ya ukweli ni ya kwake.

Halafu lile la siri, nilitaka kulisahau. Wakati wa ile redirect_uri nilipiga picha ya gitlab.rb nikaituma kwenye grupu la WhatsApp la mafundi kuomba msaada, na GOCSPX yetu nzima ikaonekana mle. Mzee mmoja kwenye grupu akanipigia simu pembeni, hakuniandikia mbele za watu, akasema "kijana futa, kisha katengeneze siri mpya Google sasa hivi, kufuta picha peke yake hakusaidii". Nikafanya, dakika tano. Namshukuru mpaka leo kwa kunipigia badala ya kunisema.

Kuhusu dogo mwenyewe, sikutaka aondoke siku ile akihisi ametuhumiwa. Nilienda kukaa naye mezani, nikamweleza nilichokiona na kwa nini, akashtuka akasema "dah kaka, mi nilijua mmeshanitoa". Tukaiangalia pamoja ile mistari minne, ilikuwa sawa, dada anayetesti akaipitisha kwa jina lake. Kisha dogo akafungua mwenyewe ukurasa wa funguo, kulikuwa na mbili, moja ya laptopu na nyingine ya kompyuta ya nyumbani kwao Mbagala ambayo hata yeye alikuwa ameshaisahau, akazifuta zote mbele yangu, nami nikabonyeza zuia. Kufuta akaunti nilikataa, maana ukiifuta, isyu na maoni yake yote yanahamia kwa mtumiaji mmoja anayeitwa Ghost, na mle kuna miaka miwili ya kazi yake. Amezuiwa, ila jina lake bado liko pale kwenye kila alichokifanya. Bosi akatoka na cheti kimesainiwa.